Hanshin Tigers: Maswali Ambayo Mgeni Haachi Kuuliza

Mwambie mtu kwamba unashabikia timu ya besiboli ya Japani iliyozaliwa 1935 na ambayo imetwaa ubingwa wa nchi mara mbili tu, uone maswali yatakavyomiminika. Haya hapa ni yale yanayorudi kila mara. Mengine nimeyajibu kwa sentensi chache kwa sababu hayana zaidi ya hapo, na mengine yamenichukua mbali.

Hanshin ni mji gani?

Si mji. Ni herufi mbili zilizounganishwa, moja kutoka jina la Osaka na nyingine kutoka jina la Kobe. Zikisomwa pamoja zinatoa "Hanshin", yaani ukanda wote ulio kati ya miji hiyo miwili. Uwanja wa timu uko Nishinomiya, katika mkoa wa Hyogo. Kwa hiyo timu ambayo dunia nzima inaiita "ya Osaka" haina makao Osaka. Wenyeji wa Osaka hawapendi kukumbushwa jambo hilo, nami nakushauri usiwakumbushe.

Sijui besiboli kabisa. Niendelee kusoma?

Endelea, utaelewa. Mrushaji anarusha, mpigaji anajaribu kuupiga mpira kwa gongo, kisha anakimbia kupitia vituo vitatu. Akifanikiwa kurudi pale alipoanzia, hiyo ni pointi moja. Mpira ukivuka ukuta wa nyuma bila kugusa chini ni houmurani, na mpigaji anazunguka taratibu huku akipunga mkono. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu inahamia upande wa pili, na mechi ina awamu tisa.

Japani ina ligi kuu mbili, Central na Pacific, kila moja na timu sita. Timu hucheza mechi 143 kwa msimu, karibu kila siku. Mwishoni timu za juu za kila ligi hucheza mchujo, washindi wawili huingia fainali inayoitwa Japan Series, na wa kwanza kushinda mechi nne ndiye bingwa wa nchi. Shika tofauti hiyo ya ubingwa wa ligi na ubingwa wa Japani, maana machungu yote ya Tigers yamelala hapo katikati.

Kampuni ya treni inatafuta nini kwenye besiboli?

Abiria. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni binafsi za reli magharibi mwa Japani zilikuwa zikigombea watu wale wale. Hanshin na Hankyu ziliweka reli zao sambamba kabisa, zote kutoka Osaka hadi Kobe. Ukiwa na reli kama ya jirani yako, unampa abiria sababu ya kupanda treni yako na kuiacha ya mwenzako: duka kubwa kwenye kituo cha mwanzo, bustani ya burudani njiani, uwanja wa michezo katikati. Hanshin walinunua ardhi ya mto uliokauka na mwaka 1924 wakajenga Koshien, uwanja mkubwa kuliko wote nchini wakati huo. Uwanja ukishakuwepo lazima upate kitu cha kuchezwa ndani yake. Tarehe 10 Desemba 1935 wakaanzisha timu, mwaka mmoja baada ya gazeti la Yomiuri kuanzisha ya kwake Tokyo.

Kampuni nyingine za reli za eneo hilo zilifanya vivyo hivyo. Nankai walikuwa na Hawks, Hankyu na Braves, Kintetsu na Buffaloes. Zote zimekwenda. Mwaka 1988 Nankai waliuza timu yao ikahamia Fukuoka, na mwaka huo huo Hankyu wakauza ya kwao. Kintetsu ya kwao iliunganishwa na Orix mwishoni mwa 2004. Akabaki simbamarara peke yake.

Halafu kikaja kichekesho. Mwaka 2005 mfuko mmoja wa wawekezaji ulijikusanyia hisa nyingi za Hanshin na kupendekeza timu iuzwe kwenye soko la hisa, mashabiki wakapandwa na hasira. Aliyekuja kuiokoa kampuni mwaka 2006 ni Hankyu, jirani na mshindani wa miaka yote, na kampuni mbili zikawa moja. Hankyu walioiuza timu yao wenyewe ndio leo wanaokaa juu ya Tigers.

Kwa nini simbamarara?

Jina lilitokana na mapendekezo ya wafanyakazi wa kampuni. Osaka ulikuwa mji wa viwanda kama Detroit, na Detroit walikuwa na Tigers wao. Mwanzoni timu iliitwa Osaka Tigers, na Hanshin Tigers ni jina la tangu 1961. Ile nembo ya simbamarara anayenguruma imebaki vile vile karibu tangu siku ya kwanza.

Koshien ni uwanja tu. Mbona wanauzungumzia kama mahali patakatifu?

Kwa sababu ni wa wengi kabla ya kuwa wa Tigers. Jina lake linatokana na kalenda ya zamani: 1924 ulikuwa mwaka wa kwanza katika mzunguko wa miaka 60, mwaka wa heri, unaoandikwa kwa herufi zinazosomeka "ko" na "shi". Ulifunguliwa tarehe 1 Agosti mwaka huo, na siku chache baadaye mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari yakahamia pale. Yapo pale hadi leo, ingawa yaliwahi kusimamishwa na vita na, mwaka 2020, na korona. Kijana wa Kijapani anayecheza besiboli hasemi kwamba anataka kufika fainali za taifa. Anasema anataka kwenda Koshien. Timu ikitolewa, wachezaji hupiga magoti na kukusanya udongo wa uwanja kwenye mifuko huku machozi yakiwatoka, wakaupeleka nyumbani.

Udongo huo ni mweusi, na eneo lote la ndani kati ya vituo ni udongo mtupu, halina jani la nyasi. Kuna kikosi cha watunza uwanja, Hanshin Engei, ambao wana mashabiki wao wenyewe. Mvua inanyesha mchana kutwa, unasema leo hakuna mechi, kisha wanaume wale wanaingia na ndoo, mchanga na reki, na saa kumi na mbili jioni mpira unarushwa. Watu huwapigia makofi kama wachezaji.

Kuna na upepo. Bahari iko karibu, na upepo wake huvuma kutoka upande wa kulia kwenda kushoto, ukiirudisha ndani mipira ambayo ingekuwa houmurani kwingineko. Mpigaji wa mkono wa kushoto anayejiunga na Tigers huonewa huruma siku anayotia saini. Mwaka 1947 walisogeza uzio ndani ili houmurani ziongezeke, na mwishoni mwa 1991 wakauondoa. Upepo haukuomba ruhusa kwa yeyote, ukaendelea.

Kuta za nje zimefunikwa na mmea unaotambaa uliopandwa tangu mwanzo. Wakati wa ukarabati ilibidi ung'olewe, lakini miche yake ilikuwa imegawiwa shule mbalimbali nchini miaka ya nyuma. Kazi ilipokwisha, shule zikairudisha miche, ikapandwa upya. Babe Ruth naye alicheza hapo mwaka 1934 na bamba la kumbukumbu lake lipo. Na wali wa mchuzi wa kari unauzwa tangu mwaka wa ufunguzi.

Agosti mashindano ya shule yakiwa yanachezwa, Tigers wanakwenda wapi?

Barabarani. Wenye uwanja wanawapisha watoto. Safari hiyo ya wiki kadhaa katika joto kali ilipewa jina la "barabara ya kifo", kwa sababu msimu baada ya msimu timu iliondoka Julai ikiwa na matumaini na kurudi mwishoni mwa Agosti bila hata moja. Siku hizi wanapata mechi kadhaa za nyumbani ndani ya uwanja wenye paa mjini Osaka, kwa hiyo barabara imepungua makali. Jina halijapungua.

Wanachukiana kweli na Yomiuri Giants, au ni maigizo?

Ni watani wa jadi, na utani wa jadi si maigizo. Giants ni Tokyo, ni gazeti kubwa kuliko yote, ni televisheni, ni serikali, ni mabosi. Kwa mtu wa Osaka, ambaye mji wake ulikuwa ghala na soko la nchi nzima kabla Tokyo haijawa chochote, kuwafunga Giants ni kulipwa deni. Ukiwa nafasi ya mwisho lakini umewafunga wao, unalala vizuri.

Tarehe 25 Juni 1959, Mfalme Mkuu wa Japani alikwenda kutazama besiboli ya kulipwa kwa mara ya kwanza, Giants dhidi ya Tigers, Tokyo. Ikafika awamu ya tisa timu zikiwa sare nne kwa nne. Mrushaji wa Tigers alikuwa Minoru Murayama, kijana wa msimu wake wa kwanza. Mpigaji alikuwa Shigeo Nagashima, kipenzi cha Tokyo. Mfalme alipangiwa kuondoka saa tatu na robo usiku. Saa tatu na dakika 12 Nagashima aliupiga mpira ukatua kwenye viti vya kushoto, mechi ikaisha, na besiboli ya Japani ikapata picha yake maarufu kuliko zote. Murayama alisema mpira ulipita nje ya mstari. Alisema hivyo usiku ule, akasema hivyo baada ya kushinda mechi 222 katika maisha yake ya uchezaji, akaendelea kusema hivyo hadi alipofariki 1998. Mashabiki wa Tigers wanamwamini. Mimi pia, ingawa sina ushahidi wowote zaidi ya ukaidi wake.

Baada yake akaja Yutaka Enatsu. Mwaka 1968, akiwa na miaka 20, alikuwa anaikaribia rekodi ya Japani ya kuwatoa wapigaji kwa kukosa mara tatu katika msimu mmoja, nayo ni watu 353. Alisema wazi kwamba mpigaji atakayemtoa ili kuivunja lazima awe Sadaharu Oh wa Giants, mpigaji mkali kuliko wote nchini. Tarehe 17 Septemba alimtoa Oh, akashuka akidhani kazi imekwisha, akaambiwa amefikia rekodi tu, hajaivunja. Basi akafanya jambo ambalo sijui kama yupo mwingine aliyewahi kulifanya. Aliwarushia wapigaji wote waliofuata mipira ya kupigika ili wauguse na kudakwa, asimtoe yeyote kwa kukosa, hadi zamu ya Oh ilipozunguka tena. Akamtoa Oh. Rekodi. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amefunga pointi, mechi ikaenda awamu ya 12, akaimaliza yeye mwenyewe kwa gongo lake. Msimu ule aliishia na watu 401. Rekodi hiyo ipo bado.

Na kwa kuwa hii ni Tigers, nikupe upande wa pili. Mwaka 1973 ubingwa wa ligi ulibaki mechi ya mwisho, Koshien, dhidi ya Giants wenyewe. Aliyeshinda anachukua. Tigers walifungwa 9 kwa 0 mbele ya watu wao. Mashabiki walivamia uwanja kwa ghasia, na Giants, waliotwaa taji la tisa mfululizo, wakakimbilia ndani bila kupata nafasi ya kumrusha kocha wao hewani.

Wakati wa vita timu ilikuwaje?

Kiingereza kilipigwa marufuku kwenye besiboli. Tangu 1940 "Tigers" likaondolewa, ikabaki "Hanshin" tu, na hata maneno ya waamuzi yakapewa ya Kijapani. Paa la chuma la Koshien liling'olewa mwaka 1943 likapelekwa kuyeyushwa. Masaru Kageura, nyota wa kwanza kabisa wa timu, alikwenda jeshini na kufa Ufilipino mwaka 1945.

Mwaka 1985 ulitokea nini hasa hadi watu wanauimba mpaka leo?

Miaka 21 ilikuwa imepita bila hata ubingwa wa ligi. Ule wa mwisho, wa 1964, nao ulipita kimya: mechi ya saba ya Japan Series, waliyofungwa na Nankai, ilichezwa siku ile ile ya ufunguzi wa Olimpiki za Tokyo. Nani angetazama?

Tarehe 17 Aprili 1985, Koshien, dhidi ya Giants. Randy Bass, Mmarekani mwenye ndevu kutoka Oklahoma, akapiga houmurani iliyoangukia eneo la katikati chini ya ubao wa matokeo. Akafuata Masayuki Kakefu, mpira ukaenda pale pale. Akafuata Akinobu Okada, pale pale tena. Watatu mfululizo. Shabiki yeyote wa Tigers mwenye umri wa kutosha atakwambia alikuwa uwanjani siku ile. Kama wote wangekuwa wanasema kweli, Koshien ingehitaji viti laki tano.

Kisha tarehe 12 Agosti ndege ya Japan Airlines ilianguka milimani na kuua watu 520. Rais wa klabu, Nakano, alikuwa ndani. Timu ilipoteza mechi kadhaa baada ya hapo, ikainuka. Tarehe 16 Oktoba wakatwaa ubingwa wa ligi, na Novemba wakawafunga Seibu Lions mechi nne kwa mbili. Mabingwa wa Japani, kwa mara ya kwanza. Bass alimaliza msimu akiwa na houmurani 54, moja pungufu ya rekodi ya Oh. Mechi yake ya mwisho msimu ule ilikuwa dhidi ya Giants, ambao kocha wao alikuwa Oh mwenyewe, na warushaji wao wakampitishia mipira mbali asipate cha kupiga. Osaka haijasahau hilo.

Na hii habari ya laana ya kuku wa kukaanga ni ya kweli?

Tukio ni la kweli. Laana utaamua mwenyewe.

Usiku ule wa Oktoba 1985 umati ulijaa kwenye daraja la Ebisubashi, juu ya mfereji wa Dotonbori katikati ya Osaka. Walikuwa wakiita jina la mchezaji mmoja mmoja, na kila jina likiitwa shabiki anayefanana naye anaruka majini. Likafika jina la Bass. Mzungu mwenye ndevu watampata wapi? Mlangoni mwa mgahawa wa KFC ilisimama sanamu ya Kanali Sanders, mzungu, ana ndevu, yupo tayari. Wakambeba, wakamtupa.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika. Kati ya 1987 na 2001 timu ilishika nafasi ya mwisho mara kumi. Watu wakaanza kusema kwamba mzee ana hasira, na hakuna taji mpaka atolewe majini. Wapiga mbizi walimtafuta wasimwone. Tarehe 10 Machi 2009, wafanyakazi waliokuwa wakijenga njia ya kando ya mfereji wakagusa kitu kwenye tope, na kwanza walidhani ni mwili wa mtu. Alikuwa Kanali. Sehemu nyingine zikapatikana kesho yake, ila miwani na mkono wa kushoto havikuonekana. Mwenye kuamini akasema ndiyo maana ubingwa ulichukua miaka mingine 14. Machi 2024 KFC ya Japani ilimuaga kwa heshima za kidini, kwa sake na chumvi ya kutakasa, baada ya mambo kuwa yamekwisha kunyooka.

Niongeze jambo moja lisilochekesha. Mfereji ule ni mchafu na si salama. Mwaka 2003 maelfu waliruka, na kijana mmoja alikufa. Siku hizi timu ikikaribia taji, polisi hujaa darajani.

Kwa nini watu waliendelea kuishangilia miaka yote hiyo ya kufungwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na jibu langu ni kwamba kulalamika ni sehemu ya ushabiki wenyewe. Shabiki sugu wa Tigers anaitwa "torakichi", yaani mwenda wazimu wa simbamarara. Miaka ile mibaya timu iliitwa "dame tora", simbamarara asiyefaa kitu, na waliobuni jina hilo si maadui bali hao hao waliokuwa wakijaza viti. Osaka ni mji wa wachekeshaji na wafanyabiashara, watu wanaojua kuzigeuza hasara zao kuwa hadithi ya kuchekesha kabla jirani hajawahi. Timu ya kushinda kila mwaka ingewapa nini cha kusimulia? Magazeti ya michezo ya huko huweka Tigers ukurasa wa mbele hata siku ambayo habari yenyewe ni mchezaji kuumwa tumbo.

"33-4" maana yake nini? Naona wanaandikiana kama tusi.

Ni tusi. Mwaka 2003 Senichi Hoshino aliiondolea timu uvivu na kuipa ubingwa wa ligi baada ya miaka 18, akapoteza Japan Series katika mechi ya saba. Mwaka 2005 Okada, yule yule wa houmurani ya tatu, sasa akiwa kocha, akatwaa ligi tena. Japan Series wakakutana na Chiba Lotte, wakafungwa zote nne: 10 kwa 1, na mechi hiyo ya kwanza ilikatishwa na ukungu. Kisha 10 kwa 0. Kisha 10 kwa 1. Kisha 3 kwa 2. Jumlisha. Mpaka leo ukitaja namba hizo mbili popote mtandaoni, kwa jambo lolote lisilohusu besiboli kabisa, kuna torakichi atakuja kukuomba unyamaze.

Mwaka 2023 walisema wanatafuta "are". Ndiyo nini?

"Are" kwa Kijapani ni "kile" au "kitu kile". Okada aliporudi ukocha akiwa na miaka 64, aliona kwamba wachezaji wake vijana wakisikia neno "ubingwa" mabega yanakakamaa. Akalifuta kinywani. Akawa anasema tunatafuta kile. Waandishi wakauliza: kile kipi? Akajibu: kile. Klabu ikaligeuza kuwa kaulimbiu ya msimu, mji mzima ukaanza kuongea hivyo, wenye maduka wakaandaa punguzo la bei la kile, na mwisho wa mwaka likachaguliwa kuwa neno la mwaka nchini Japani.

Kile kilikuja tarehe 14 Septemba 2023, Koshien, dhidi ya Giants. Nani mwingine? Aliyepanda kumaliza mechi alikuwa Suguru Iwazaki, na wimbo uliopigwa akiingia haukuwa wake. Ulikuwa wa Shintaro Yokota, aliyesajiliwa pamoja naye, ambaye uvimbe wa ubongo ulimkatisha uchezaji na kumuua mwezi Julai mwaka ule akiwa na miaka 28. Watu waliuimba uwanja mzima. Wachezaji waliporushwa hewani, jezi yake namba 24 ilirushwa pamoja nao.

Japan Series ilikuwa dhidi ya Orix, warithi wa timu za Hankyu na Kintetsu. Tangu ile ya 1964 na Nankai, timu mbili za eneo hilo hazikuwahi kukutana fainali. Mechi ya saba, tarehe 5 Novemba, ilikwisha 7 kwa 1. Miaka 38. Kocha aliyerushwa hewani alikuwa ndani ya kikosi cha 1985.

Baada ya hapo?

Mwaka 2025, chini ya Kyuji Fujikawa, ambaye zamani alikuwa mrushaji wao wa kumalizia mechi, walitwaa ligi tarehe 7 Septemba, mapema kuliko timu yoyote tangu ligi zigawanywe mbili. Japan Series wakafungwa na SoftBank mechi nne kwa moja. Tumezoea.

Wachezaji wa kigeni wanapokelewaje?

Wakipiga, wanakuwa miungu. Wasipopiga, upepo wa bahari huwasindikiza uwanja wa ndege. Tadashi Wakabayashi, mrushaji wa miaka ya mwanzo, alizaliwa Hawaii kwa wazazi wahamiaji wa Kijapani. Gene Bacque alishinda mechi 29 mwaka 1964 na kuwa mgeni wa kwanza kupewa Tuzo ya Sawamura, ile ya mrushaji bora. Cecil Fielder alikuja 1989 akiwa hana jina kubwa kwao, akapiga houmurani 38, akarudi Marekani na mwaka uliofuata akapiga 51 akiwa na Detroit, ambao nao ni Tigers. Matt Murton alipata mapigo 214 mwaka 2010, akaipita rekodi ya Ichiro.

Lakini wa kukumbukwa ni Bass. Mwaka 1986 alimaliza na wastani wa kupiga wa .389, ambao nchini Japani haujafikiwa na mtu. Mwaka 1988 mtoto wake aliugua uvimbe wa ubongo, akaenda kumwuguza Marekani, na klabu ikamwacha. Baadaye akawa seneta wa jimbo la Oklahoma. Mwaka 2023 aliingizwa kwenye jumba la heshima la besiboli ya Japani, mwaka ule ule laana ilipokwisha. Wanaopenda ishara wakaokota hiyo.

Wanaimba nini mechi ikiisha?

"Rokko Oroshi", maana yake upepo unaoshuka kutoka mlima Rokko. Ni wa 1936, na uliotunga muziki wake ni mkono wa Yuji Koseki. Wakati wa mechi kila mpigaji ana wimbo wake, na tarumbeta na ngoma haziachi mpaka zamu yake iishe. Siku ya kwanza utadhani ni fujo, ya pili utagundua kwamba watu wote 40,000 na zaidi wanajua wapi pa kunyamaza. Zamani, awamu ya saba, walirusha maputo marefu yaliyopulizwa kwa mdomo, yakapaa kwa maelfu yakipiga mbinja. Korona ilipoingia 2020, kupuliza kwa mdomo kukakoma.

Kuna uhusiano wowote na kwetu?

Jina la uwanja limefika. Mashindano ya besiboli ya shule nchini Tanzania yanaitwa Tanzania Koshien, na huchezwa Dar es Salaam, Shule ya Sekondari Azania, kwenye uwanja uliojengwa kwa msaada wa Japani. Huo ni uhusiano na Koshien ya wanafunzi zaidi kuliko na Tigers, lakini kijana wa Azania anapolitaja jina hilo analitaja kwa maana ile ile aliyonayo kijana wa Nishinomiya.

Nikitaka kutazama?

Mechi nyingi za usiku huanza saa kumi na mbili jioni kwa saa za Japani, ambayo ni saa sita mchana Afrika Mashariki. Ukibahatika kwenda mwenyewe, panda treni ya Hanshin kutoka kituo cha Umeda mjini Osaka, shuka kituo cha Koshien, ni kama robo saa. Kaa upande wa kulia nyuma kama unataka kelele. Vaa njano, nyeupe au nyeusi. Rangi ya machungwa iache hotelini, hiyo ni ya Giants. Na ukiulizwa na mzee aliyekaa kando yako kama leo watashinda, usiseme ndiyo. Tikisa kichwa, guna kidogo, sema mrushaji wa leo anakutia wasiwasi. Atakununulia bia.